Baba ana uvimbe kwenye kibofu, damu imekoma, naye hataki kwenda kukatwa

*"Assalamu alaikum daktari. Baba yangu ana miaka 64, tunaishi Langoni, Lamu. Tangu mwaka jana anakojoa damu. Haimuumi, inakuja siku mbili tatu, kisha inapotea hata miezi. Alikulia Ozi, karibu na Kipini, wakilima mpunga, na anasema utotoni watoto wote kule walikojoa damu, kwa hivyo ni kichocho tu. Alimeza dawa ya kichocho damu ikakata, kisha ikarudi. Amevuta sigara tangu ujana. Juzi hospitali ya King Fahd hapa Lamu walimpiga ultrasaundi, wakaona uvimbe wa sentimita 3 ndani ya kibofu na figo ya kushoto imepanuka kidogo. Wakampa rufaa ya Mombasa akatolewe uvimbe kupitia njia ya mkojo. Sasa damu imekoma tena na mzee amekataa kwenda. Anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, kwamba atarudi na mfuko tumboni, na kwamba hatakuwa mwanamume tena. Ami yangu aliyekulia naye anamuunga mkono. Yeye mwenyewe hukojoa damu mara moja moja na haendi popote. Je, operesheni hii ni lazima? Inafanywaje, na tutegemee nini?"*

Wa alaikum salaam, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe: ndiyo, mzee aende, na damu kukoma kusimcheleweshe hata wiki. Uvimbe wa kibofu ndivyo ulivyo. Sehemu ya juu yake ina vimishipa vyembamba vya damu. Vikipasuka mkojo unakuwa mwekundu, vikiganda unakuwa safi, na uvimbe uko palepale. Mgonjwa akiwa anakunywa dawa yoyote wakati huo, iwe ya kichocho, ya maambukizi ya mkojo (UTI) au ya mitishamba, damu ikikata dawa hiyo ndiyo hupewa sifa. Nimekaa na wazee wengi wa pwani waliopoteza mwaka mzima kwa namna hii, wala si kwa uzembe. Hakuna maumivu, damu imepotea, mtu atafikiria nini?

Kuhusu kichocho, baba yako hakosei alivyoeleza utoto wake. Mabuu ya mnyoo huyo hutoka kwenye konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama kwenye maji, na minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Huko jike hutaga. Mayai yana mwiba. Mengine hupasua ukuta wa kibofu yakatoka na mkojo, na ndiyo damu ya watoto aliyoiona. Mengine hunasa ukutani na kubaki humo. Mwili hupigana nayo miaka na miaka, ukuta unakuwa na makovu na uchochezi usiokwisha, na baadaye, mtu akiwa mzima na amekwisha kusahau mashamba ya mpunga, chembe za ukuta huo zinaweza kugeuka saratani. Tangu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeuhesabu mnyoo huu wa kichocho cha mkojo miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa kwa binadamu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni dawa nzuri sana na huua minyoo iliyo hai. Haifuti makovu ya zamani wala haiyeyushi uvimbe.

Juu ya hapo kuna sigara. Watu wanajua sigara na mapafu, wachache wanajua sigara na kibofu. Sumu za moshi huingia kwenye damu kupitia mapafu, figo huzichuja na kuzitia kwenye mkojo, na mkojo hukaa kibofuni saa kadhaa ukigusana na ukuta wake, kila siku, miaka arubaini. Kwa hiyo mzee ana sababu mbili. Ndiyo maana mimi husema mtu aliyepita miaka arubaini akikojoa damu bila maumivu, hata mara moja, achunguzwe kibofu kwa kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, hata kama kipimo cha mkojo kimeonyesha mayai ya kichocho. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Sasa kisu. Hii imani ya kwamba kansa ikiguswa inasambaa naielewa ilikotoka: watu wetu hufika hospitali wamechelewa, wanafunguliwa, wanafariki baada ya miezi, na kinachokumbukwa ni operesheni. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatembea kabla ya kisu. Upo ukweli mmoja mdogo ambao sitaki kuuficha: wakati wa kukata, chembe za uvimbe zinaweza kuelea kwenye maji ya kibofu na kujipandikiza mahali pengine humo humo ndani. Kwa sababu hiyo, panapofaa, daktari huingiza dawa iitwayo mitomaisini ndani ya kibofu kupitia mpira wa mkojo, mara moja tu, ndani ya saa 24 baada ya operesheni, ikakaa kama saa moja kisha ikatolewa. Haiwekwi kama damu bado inatoka sana au kama kibofu kimetoboka. Si kila mgonjwa anaihitaji na si kila hospitali inayo. Ulizeni kabla ya siku ya operesheni, maana kuuliza siku ya pili yake hakusaidii.

Na kwa kweli hakuna kisu kinachogusa tumbo. Mzee atapigwa sindano ya mgongo, atakuwa macho lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hahisi kitu, au atalazwa usingizi kabisa. Daktari hupitisha chombo chembamba chenye kamera kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni. Mbele ya chombo kuna kijiwaya kilichopindwa nusu duara. Umeme ukipita, kijiwaya hukata nyama kipande kwa kipande, na umeme huohuo huunguza mishipa inayovuja. Maji yanapita muda wote ili kibofu kifunguke na daktari aone. Mwisho vipande huoshwa vikatoka, vikakusanywa kwenye kichupa cha dawa na kupelekwa maabara. Kwa uvimbe wa sentimita 3 kazi hii kwa kawaida huchukua nusu saa hadi saa moja hivi. Hakuna mshono.

Kabla ya hapo kuna mambo ya kutimiza. Mkojo upimwe kama una wadudu, kwa sababu kumkata mtu mwenye maambukizi ya mkojo ni kuyasukuma kwenye damu. Damu ipimwe, pamoja na kazi ya figo. Kama mzee anameza aspirini, wofarini au dawa nyingine ya kulainisha damu, daktari ajue mapema. Asiiache kwa shauri lake mwenyewe wala asiendelee nayo kimyakimya. Dawa za sukari na presha pia zitajwe, na mitishamba yote anayokunywa, bila haya.

Hapa kuna jambo kwenye maelezo yako ambalo wewe umelipita haraka na mimi limenishika: figo ya kushoto iliyopanuka. Figo hupanuka mkojo unaposhindwa kushuka. Inawezekana uvimbe umekaa kwenye mlango ambao mkojo wa figo hiyo huingilia kibofuni. Inawezekana pia ni kovu la kichocho lililobana mrija miaka mingi iliyopita. Ikiwa ni uvimbe, mara nyingine ni dalili kwamba umeingia ndani zaidi ya ukuta. Kwa hiyo nawashauri mkifika Mombasa muulize kuhusu CT skani, yaani picha ya kina ya mionzi, ya tumbo na kiuno, na ikiwezekana ifanywe kabla ya operesheni, kwa maana baada ya kukatwa ukuta wa kibofu hufura na picha huchanganya. Dawa ya rangi wanayoichoma kwenye mshipa kwa ajili ya skani inahitaji figo zinazofanya kazi vizuri. Ndiyo sababu kipimo cha damu hutangulia.

Akitoka chumba cha operesheni atakuwa na mpira wa mkojo wenye njia tatu: moja ya kujaza kipira kinachoushika ndani, moja ya kuingiza maji ya chumvi kutoka kwenye chupa kubwa iliyotundikwa, na moja ya kutoa maji hayo pamoja na mkojo na damu. Msishtuke mkiona mfuko wa mkojo ni mwekundu siku ya kwanza. Maji mengi yenye damu kidogo yanaonekana damu tupu. Kinachotakiwa ni rangi iende ikififia: nyekundu, kisha waridi, kisha manjano. Atahisi amebanwa na mkojo ingawa mpira upo, na wazee wengi huanza kujikamua. Mwambieni asijikamue, ni kibofu kinaukataa mpira, na kuna dawa ya kukituliza. Kitu cha kumkimbilia nesi mara moja ni mfuko ulioacha kujaa huku maji yanaendelea kuingia na tumbo chini ya kitovu linakuwa gumu. Hapo bonge la damu limeziba mpira. Nesi ataliosha kwa bomba kubwa la sindano na mzee atapata nafuu papo hapo. Yule anayelala naye wodini awe mtu wa kuangalia mfuko, asiwe mtu wa kushika simu.

Mpira kwa kawaida hutolewa baada ya siku moja hadi tatu. Mara chache kijiwaya hutoboa kibofu. Mara nyingi tundu hilo hupona lenyewe mpira ukiachwa siku zaidi, na ni wachache sana wanaohitaji kufunguliwa tumbo kwa ajili yake. Kukojoa kwa mara ya kwanza baada ya mpira kutoka kutamchoma, na kwa wiki moja au mbili ataenda choo mara kwa mara, usiku pia. Hiyo ni njia ya kupona.

Mfuko anaouogopa mzee ni mwingine. Huu wa operesheni hii huondoka pamoja na mpira. Mfuko wa kudumu tumboni huwekwa kwa mtu aliyetolewa kibofu chote, na hakuna anayetolewa kibofu kwa kushtukizwa. Ni uamuzi mwingine, siku nyingine, na saini yake mwenyewe. Kuhusu uanaume wake: mishipa ya fahamu inayosimamisha hupita nje ya kibofu, karibu na tezi dume, na kazi hii inafanywa ndani. Haiigusi. Asubiri wiki mbili tatu mpaka mkojo uwe safi, kisha arudi kwenye maisha yake ya ndoa. Akija kutolewa kibofu chote, hapo hatari kwa nguvu za kiume ipo kweli, na sitamwambia vinginevyo. Mwanangu, hili la mwisho pengine asiliulize mbele yako. Mtafute kaka au mjomba mmoja aliyetulia aende naye kwa daktari.

Usafiri ndio unaonitia wasiwasi kwa watu wa Lamu. Akitolewa mpira leo, asipande basi kesho. Kama mna ndugu Mombasa au Malindi, akae kwao angalau wiki, mahali ambapo usiku wa manane anaweza kufika hospitali kwa gari. Bonge la damu likimziba katikati ya barabara ya Garsen, au amefika Mokowe na hakuna boti, ni mateso ambayo kukaa siku chache tu kungeyaepusha. Pia kuna kitu kinachowatisha wengi ambacho mkijua mapema hakitawatisha: kati ya siku ya 10 na ya 14 gamba la kidonda hubanduka, na mkojo unaweza kuwa mwekundu tena siku moja mbili. Anywe maji zaidi, lita 2 hadi 3 kwa siku kama moyo na figo zinaruhusu, na itakoma. Kwa wiki tatu nne asibebe madumu ya maji, asivute kamba ya mashua, asipande punda, na ale papai na mboga apate choo laini, maana kujikamua chooni huamsha damu. Ikiwa ni Ramadhani, maji hayo yana umuhimu wa dawa. Alipe siku zake akishapona. Namna ya kuswali akiwa na mpira amwulize shekhe wake kabla ya safari, kwani mwenye udhuru ana hukumu zake zinazojulikana, na mzee aliyetulia kwa ibada yake hupona kwa utulivu zaidi.

Arudishwe hospitali mara moja, King Fahd au popote palipo karibu, akishindwa kukojoa, akitoa mabonge ya damu, akipata homa na kutetemeka, au tumbo likimuuma sana na kuvimba.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko operesheni yenyewe, nalo ni karatasi ya maabara. Familia nyingi huona uvimbe umetolewa, damu imekata, zikashukuru zikarudi nyumbani, na karatasi inabaki hospitali. Operesheni hii ni tiba na ni kipimo kwa wakati mmoja, na bila karatasi hiyo hatujui tumefanya ipi. Ukuta wa kibofu una tabaka kama ukuta wa nyumba ya mawe ya Lamu: ndani lipu ya chokaa, nyuma yake mawe. Uvimbe ulioota kwenye lipu hukwanguliwa ukaisha. Ulioingia kwenye mawe, yaani misuli ya kibofu, hauishi kwa kukwangua hata daktari awe hodari vipi. Karatasi ndiyo inayosema umefika wapi, ni wa aina gani na una ukali gani. Someni pia kama wanasema nyama waliyopewa ilikuwa na misuli ndani yake. Kama haikuwa nayo, au uvimbe umezama ndani ya lipu bila kufika misuli, daktari atataka kurudia kukata baada ya wiki mbili hadi sita. Msione ni kutaka pesa wala ni kwamba wa kwanza aliharibu; kurudia huko hukuta mabaki mara nyingi, na hubadilisha tiba.

Ukiwa wa juujuu na si mkali, mzee ataendelea kuangaliwa kwa kamera, ya kwanza baada ya miezi mitatu, kisha kwa miaka, kwa sababu vivimbe hivi hupenda kurudi. Ukiwa wa juujuu lakini mkali, huongezwa BCG, ndugu ya ile chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga, ila hii hutengenezwa kwa ajili ya kutiwa kibofuni, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha kwa vipindi. Huamsha kinga ya mwili dhidi ya mabaki. Hupungua sokoni mara kwa mara duniani kote, kwa hiyo waulizeni mapema kama ipo. Ukiwa umeingia kwenye misuli, mazungumzo ni ya kutoa kibofu, mara nyingi dawa za kuua saratani, yaani kemo, zikitangulia, au mionzi pamoja na kemo kwa wasioweza au wasiotaka kutolewa.

Na ikiwa ni ile saratani inayotokana na makovu ya kichocho, mjue kwamba aina hiyo mara nyingi huwa imeshaingia kwenye misuli inapogunduliwa, na BCG haiisaidii. Kwa mgonjwa wa namna hiyo operesheni hii huwa zaidi kipimo na njia ya kukomesha damu, na tiba yenyewe ni kutoa kibofu mapema. Kwa historia ya Ozi, siwezi kuwaahidi kwamba ya mzee ni ya juujuu. Ninachoweza kusema ni kwamba ikiwa ni ya juujuu, kusubiri kunaweza kuipa nafasi ya kuingia ndani, na ikiwa ni ya ndani, kila mwezi unaopotea unamgharimu zaidi.

Gharama: kabla ya safari hakikisheni usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko hai na mchango wa mwaka umelipwa, kisha dawati la SHA la hospitali mnayokwenda liwaambie kibali cha operesheni kinaombwaje, na kama maabara, CT na dawa za kibofuni zinaingia au mtalipa wenyewe. Mwende na picha na karatasi zote za King Fahd ili msirudie vipimo.

Kama mzee bado anakataa, msimburute. Mwombeni akubali jambo moja tu: kwenda kuonana na daktari wa njia ya mkojo aulize maswali yake, bila kulazwa siku hiyo. Wengi wakishaelezwa ana kwa ana kwamba hakuna kufunguliwa tumbo, huomba tarehe wenyewe. Sigara aache sasa; kwa anayeendelea kuvuta, uvimbe hurudi zaidi. Akitaka kusomewa dua na kunywa kombe, sina neno, mradi safari ipo palepale. Mitishamba aisimamishe mpaka figo zipimwe.

Na ami yako, aliyelima mpunga uleule na anayekojoa damu mara moja moja, asikae nyumbani kumsubiri ndugu yake arudi na habari. Aende King Fahd wiki hii apimwe mkojo na apigwe ultrasaundi. Hata ultrasaundi ikitoka safi, aombe rufaa ya kamera, kwa sababu vivimbe vidogo na vilivyolala bapa kwenye ukuta ultrasaundi huvipita.